Kubalehe mapema: hali ya nyumbani inachangiaje?

Binti wa darasa la tatu akianza kuota matiti, majirani huwa na majibu kabla ya mama mwenyewe. Sokoni Mwanjelwa, Mbeya, mmoja atasema ni kuku wa kisasa, mwingine atanong'ona kwamba mtoto "ameona mengi". La kuku tuliache. Hilo la pili husemwa kwa kumsuta mtoto, lakini watafiti wamelichunguza kwa miaka zaidi ya 30, na walichokuta hakimlaumu mtoto hata kidogo.

Kubalehe huanzia kwenye ubongo. Sehemu iitwayo haipothalamasi huanza kutoa homoni kwa vipindi, tezi ya pituitari inaitikia, kisha ovari au korodani nazo zinaamka. Kwa kawaida wasichana huanza kati ya miaka 8 na 13, wavulana kati ya 9 na 14. Kuvunja ungo huja baadaye, mara nyingi kama miaka miwili au zaidi tangu matiti yaanze.

Mwaka 1991 watafiti Jay Belsky, Laurence Steinberg na Patricia Draper walitoa hoja kwamba miaka 5 hadi 7 ya mwanzo humfundisha mtoto dunia yake ikoje. Akikulia kwenye ugomvi, vitisho na malezi yasiyotabirika, mwili hujiandaa kukomaa haraka, kwa kuwa kesho haina uhakika. Mwaka uliofuata, Terrie Moffitt na wenzake waliofuatilia wasichana wa New Zealand waliona kwamba wale wa familia zenye migogoro, au zisizo na baba nyumbani, walielekea kuvunja ungo mapema zaidi. Tofauti yenyewe ni ndogo, ya miezi tu, kwa hiyo usimwangalie binti wa mtu ukadhani umeijua ndoa ya wazazi wake.

Halafu kuna pingamizi zito: urithi. Mama aliyevunja ungo mapema huenda akazaa na kuolewa mapema, ndoa ikayumba, na binti akarithi mwili wake. Hapo kuondoka kwa baba hakujasababisha kitu. Ili kulipima hili, watafiti wamelinganisha ndugu wa tumbo moja, dada mkubwa aliyeishi na baba muda mrefu na mdogo wake aliyekuwa bado mtoto wazazi walipoachana. Tofauti, yaani mdogo kuvunja ungo mapema kuliko dada yake, ilionekana hasa pale ambapo baba huyo alikuwa na matatizo makubwa, kama ulevi au ukatili. Kwa maoni yangu huo ndio ushahidi wenye uzito, maana unahamisha swali kutoka "baba yupo?" kwenda "baba yupoje?"

Sasa njoo Nyanda za Juu Kusini. Utafiti wa afya wa kitaifa wa mwaka 2022 ulikuta zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, huku wastani wa nchi ukiwa kama asilimia 30. Huu ni mkoa unaovuna mahindi, maharage na viazi! Lishe duni huchelewesha kubalehe, kwani mwili unahitaji akiba ya mafuta, na mafuta hayo hutoa leptini, homoni inayoujulisha ubongo kwamba akiba ipo. Basi ndani ya nyumba moja vitisho vinaweza kumsukuma binti mbele, na sahani ya ugali mtupu ikamrudisha nyuma.

Tafiti nyingi hizi zilifanyika Marekani, Uingereza na New Zealand, ambako "baba hayupo" mara nyingi ni mama peke yake na watoto. Kule Makete, mkoani Njombe, ambako UKIMWI uliacha yatima wengi, mtoto analelewa na bibi, baba mdogo yuko nyumba ya pili, na shangazi anatuma ada kutoka Mafinga. Dodoso lenye kisanduku kimoja cha kuweka tiki halimwoni bibi huyo.

Kwa wavulana ushahidi bado ni hafifu.

Dalili zikianza kabla ya miaka 8 kwa msichana au 9 kwa mvulana, mpeleke hospitali bila kungoja. Daktari atauliza historia ya familia, atapima urefu na homoni, na mara nyingi ataagiza eksirei ya mkono wa kushoto, kiganja na kifundo, aone kama mifupa imeutangulia umri wa mtoto.