Programu Huria za Duka la Mtandaoni na Wingi wa Wateja: Dhana Potofu na Ukweli

Msimu wa ofa unapokaribia, wafanyabiashara wanaouza mtandaoni huanza kuulizana iwapo programu huria (zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuutumia na kuubadilisha) walizojengea maduka yao, kama vile WooCommerce, Magento, PrestaShop au OpenCart, zitahimili wateja watakaomiminika kwa pamoja. Swali hilo ni la msingi, lakini majibu mengi yanayotolewa yanatokana na dhana ambazo huwagharimu watu fedha nyingi: mwenye duka huhama mfumo mzima kwa sababu ya kasoro ambayo ingerekebishwa kwa siku chache, au huendelea kukodi seva kubwa zaidi wakati tatizo haliko kwenye seva.

Dhana: Programu huria ni za maduka madogo tu

Historia ya programu hizi inaonyesha vingine. osCommerce ilianza Ujerumani mwaka 2000, na Zen Cart ikachipuka kutoka humo mwaka 2003. Magento ilitolewa mwaka 2008, na ilipofika mwaka 2018 kampuni ya Adobe iliinunua kwa dola bilioni 1.68, kiasi ambacho hakitolewi kwa ajili ya programu isiyoweza kubeba biashara kubwa. Toleo lake huria lipo mpaka sasa. Zaidi ya hayo, Shopify, huduma ya kulipia ambayo wengi huikimbilia kama kimbilio salama, ilijengwa juu ya Ruby on Rails (zana ya kujengea tovuti) na MySQL (programu ya kuhifadhi taarifa), ambazo zote mbili ni programu huria. Kuwa wazi kwa msimbo, basi, hakupunguzi uwezo wa kubeba mzigo. Kinachobadilika ni mwenye jukumu: katika huduma ya kulipia kuna mafundi wa kampuni wanaolinda seva usiku na mchana, ilhali katika programu huria mwenye duka ndiye anayepaswa kumtafuta na kumlipa fundi huyo. Anayeichagua kwa sababu ni ya bure, bila kutenga fedha za utunzaji na masasisho, amekosea hesabu tangu mwanzo.

Dhana: Duka likizidiwa, dawa ni seva kubwa

Hapa panahitaji hesabu ndogo. Chukulia seva inayoendesha michakato 10 ya PHP (lugha iliyotumika kuandika programu tulizozitaja mwanzoni) kwa wakati mmoja, kila mchakato ukishughulikia ombi moja, na kila ombi la mteja linachukua nusu sekunde kukamilika. Seva hiyo inaweza kuhudumia maombi 20 kwa sekunde. Sasa weka programu-jalizi moja, yaani programu ndogo ya kuliongezea duka uwezo, ambayo, kila mteja anapofungua kikapu, huuliza gharama za usafirishaji kutoka kwenye mfumo wa kampuni nyingine, na ombi lile lile likafikia sekunde 2. Uwezo umeshuka hadi maombi 5 kwa sekunde, na kichakato cha seva hakijachoka hata kidogo, kwa kuwa muda mwingi kinasubiri jibu kutoka nje. Kukodi seva yenye kichakato cha kasi maradufu hakufupishi kusubiri huko. Kwa maoni yangu, hatua ya kwanza iwe kukagua programu-jalizi moja baada ya nyingine na kupima kila moja inaongeza muda kiasi gani.

Kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa zote za duka, nayo ina mambo yake. Kwa miaka mingi WooCommerce ilihifadhi oda katika majedwali yale yale ya makala za WordPress, programu ya kuendeshea tovuti ambayo WooCommerce imejengwa juu yake, huku kila taarifa ndogo ya oda ikichukua safu (mstari) yake. Oda yenye taarifa 40 ikizidishwa kwa oda 100,000 hufanya safu milioni 4, na utafutaji ndani yake huwa mzito kadiri siku zinavyokwenda. Tangu toleo la 8.2 la Oktoba 2023, maduka mapya huhifadhi oda katika majedwali yake maalumu, lakini duka la zamani halihami lenyewe. Ni lazima mwenyewe aamue, ahakikishe kwamba programu-jalizi zake zinakubaliana na mpangilio huo, kisha auwashe.

Dhana: Kache inamaliza kila kitu

Kache, yaani nakala ya ukurasa inayohifadhiwa tayari ili isiandaliwe upya kila mara, husaidia sana kwa kurasa zinazofanana kwa watu wote. Programu kama Varnish inaweza kutoa ukurasa wa bidhaa kwa maelfu ya watazamaji bila kuigusa kanzidata. Tatizo ni kwamba kikapu, ukurasa wa malipo na akaunti ya mteja haviwezi kuhifadhiwa kwa namna hiyo, kwani mteja mmoja angeweza kuonyeshwa jina na anwani ya mwingine. Ndiyo maana idadi ya wageni wa tovuti haitoshi kuwa kipimo. Kinachoelemea duka ni idadi ya wanaofika kwenye malipo katika dakika moja.

Kwa maduka ya Kenya yanayopokea M-Pesa, jambo hili lina uzito wa pekee. Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, duka hutuma ombi, simu ya mteja huonyesha ujumbe wa kumtaka aweke namba ya siri, kisha matokeo hutumwa baadaye kwenye anwani ya mtandao ambayo duka liliitaja. Duka lililounganishwa vibaya huuacha mchakato wa PHP ukisubiri mpaka mteja amalize kuweka namba yake. Katika seva yetu ya michakato 10, wateja 10 wanaotafuta simu zao mfukoni wanatosha kulisimamisha duka zima. Tena, matokeo ya malipo yakifika wakati seva imezidiwa, fedha huwa zimeshakatwa na oda bado inasomeka kuwa haijalipwa. Mteja aliyelipa kwa uaminifu hastahili kuanza kubembeleza ili apewe mzigo wake. Muunganisho ulio sahihi huachilia mchakato mara ombi linapotumwa, huandika matokeo yanapofika na kujibu papo hapo, huacha kazi nyingine kwenye foleni, na huuliza hali ya muamala wowote uliokaa bila jibu.

Dhana: Uwezo wa duka hujulikana siku yenyewe tu

Unaweza kupimwa mapema, tena kwa zana huria kama k6 au Apache JMeter. Jaribio lifanyike kwenye nakala ya duka, malipo yakiwa katika mazingira ya majaribio, na lifuate njia nzima ya mnunuzi: kufungua bidhaa, kuitia kikapuni, kujaza anwani, kufika kwenye malipo. Wanunuzi wa majaribio waongezwe kidogo kidogo hadi muda wa majibu uanze kupanda, na hapo ndipo fundi atazame kilichotangulia kukwama, iwe ni michakato, kanzidata au mfumo wa nje. Jaribio linaloupiga ukurasa wa mwanzo peke yake linapima kache tu.