Si lenzi inayokuza pua, ni umbali

Kuna ujumbe usiokwisha kuzunguka kwenye magrupu ya wapiga picha wa Lamu: eti lenzi ya milimita 35 (inayoona eneo pana kuliko ya 50) huharibu sura, kwa hiyo mpiga picha za harusi anunue ya 50 tu. Si kweli.

Pua hukuzwa na umbali. Mwenye 35 humsogelea sana bibi harusi ili uso ujae kwenye picha. Hapo pua inakuwa karibu mno na kamera kuliko masikio, nayo hutokea kubwa. Mwenye 50 husimama mbali kidogo, kisha sifa inapewa lenzi.

Jaribu mwenyewe. Mweke mtu katikati ya picha (pembeni lenzi pana huvuta sura kidogo), simama mita mbili, piga kwa zote mbili bila kusogea, halafu kata kingo za picha ya 35 ilingane na ya 50. Uso ni ule ule.

Kwenye vichochoro vya Mkomani, mtaa wa mji wa kale wa Lamu, ukirudi nyuma unagonga ukuta. 35 ndiyo itakayokupa mtu pamoja na mlango wake wa nakshi. Kwa uso peke yake ningechukua 50. Tafadhali, ukitumiwa ujumbe huo usiusambaze: unaweza kumfanya kijana auze lenzi nzuri bure.