Je, wajua kwa nini dirisha la ndani halijazi dirisha kubwa lenyewe?

Unaandika programu kwa Java Swing (maktaba ya Java ya kutengeneza madirisha na batani), unaweka JInternalFrame, yaani dirisha la ndani, ndani ya JDesktopPane, yaani eneo la dirisha kubwa linaloyabeba, unairan, unakuta hamna kitu. Au kuna kidirisha kimejibana kule kona ya juu kushoto, nafasi yote iliyobaki tupu. Wengi wanadhani ni bagi, kumbe wala, imefanywa hivyo makusudi.

Iko hivi, batani na paneli za kawaida zina meneja wa mpangilio, yeye ndo anaamua nani akae wapi na awe na saizi gani. JDesktopPane haina meneja, hapo pameachwa null (yaani patupu), na ukikaa ukafikiria ina mantiki maana madirisha ya ndani yapo ili mtu ayavute, ayapandanishe na kuyakuza anavyotaka yeye, sasa meneja angekuwepo si angekuwa anayarudisha mahali pake kila dirisha kubwa likibadilika saizi? Kwa hiyo saizi ni juu yako. Usipoitaja inabaki 0 kwa 0, na hata ukiitaja, bila setVisible(true), amri ya kulionyesha, bado huoni kitu.

Hapo watu wanakimbilia setSize(desktop.getSize()), yaani lipe dirisha la ndani saizi ya desktop (hiyo JDesktopPane yetu). Ukiiita kwenye konstrakta (msimbo unaoendeshwa dirisha likiwa ndo linaundwa), desktop yenyewe bado haijapewa saizi, unapokea 0 nyingine. Ukiiita baadaye inakubali, ila inapima mara moja tu, mtumiaji akivuta dirisha kubwa, lile la ndani linabaki na vipimo vya zamani.

Dawa yake (frame ni dirisha la ndani): desktop.add(frame), halafu frame.setVisible(true), halafu frame.setMaximum(true). Utamu wa hiyo ya mwisho ni kwamba dirisha linakumbuka liko kwenye hali ya kujaza, so desktop ikitanuka au ikisinyaa nalo linafuata bila wewe kuandika chochote. Itabidi uizungushie try na catch (namna ya Java ya kudaka kosa) ya PropertyVetoException, kwa sababu sehemu nyingine ya programu inaruhusiwa kulikataa badiliko hilo. Inakera, lakini ndo hivyo.

Kwenye Windows Forms ya C# (maktaba ya madirisha ya Microsoft) ni WindowState ya dirisha la ndani iwe Maximized, na usishangae batani za dirisha la ndani zikihamia kwenye menyu ya dirisha kubwa.

Ila kama hutaki mtu alivute wala alipunguze, na unatafuta hadi namna ya kuficha ule mstari wa juu wenye jina, hapo kwa maoni yangu hulihitaji kabisa dirisha la ndani, weka JPanel (paneli ya kawaida) kwenye CardLayout, meneja anayeonyesha paneli moja kwa wakati, uendelee na mengine.