Shawa Iliyolala Msimu Mzima: Maswali Kuhusu Bakteria wa Maji Hotelini

Maji ya hoteli yetu yamepimwa, yanafaa kunywa. Shawa inahusikaje?

Bakteria aitwaye Legionella hana haja na tumbo lako, anataka mapafu. Shawa, jakuzi (beseni la kuogea lenye maji moto yanayotoa mapovu) na chemchemi za mapambo hurusha manyunyu madogo yasiyoonekana, na mtu huyavuta kwa pumzi. Julai 1976 wastaafu wa jeshi la Marekani, wanachama wa American Legion, walikutana katika hoteli ya Bellevue-Stratford mjini Philadelphia. Wengi waliugua nimonia isiyoeleweka na baadhi wakafa. Miezi kadhaa baadaye mtafiti Joseph McDade akamtambua bakteria huyu, aliyepewa jina la chama hicho.

Kwa hiyo asiyeoga yuko salama?

La. Mwaka 1999 huko Bovenkarspel, Uholanzi, jakuzi ziliwashwa kwenye maonyesho ya maua ili kuvutia wanunuzi. Wageni walipita tu wakitazama. Zaidi ya watu 30 walifariki.

Anazaliana wapi?

Kwenye maji vuguvugu yaliyotuama, kati ya nyuzi joto 20 na 45 hivi, hasa mabomba yakiwa na ute, kutu au chokaa. Miongozo mingi husema maji baridi yawe chini ya nyuzi 20. Sawa, lakini pandisha mkono wako kwenye tangi jeusi juu ya paa kule Nungwi au Diani saa nane mchana, uone kama hayo ni maji baridi! Kwetu pwani kazi kubwa inabaki kwa klorini, usafi wa tangi lenye mfuniko na kivuli, na kutoyaacha maji yalale.

Tumeshusha joto la hita kupunguza bili ya umeme. Kuna ubaya?

Upo. Tangi la maji moto liwe nyuzi 60, na bombani yafike 50 au zaidi ndani ya dakika moja. Joto hilo huunguza, kwa hiyo fundi afunge vali ya kuchanganyia maji karibu na bomba la kuogea. Kuiacha hita kwenye nyuzi 40 ni kumfuga bakteria.

Masika tumefunga nusu ya vyumba. Tufanye nini?

Hapa ndipo hoteli nyingi zinapojikwaa. Kila wiki fungua mabomba yote ya vyumba visivyo na wageni, ya moto na ya baridi, yaache yatiririke dakika kadhaa. Mhudumu asisimame mbele ya shawa akisubiri. Kama ni ya mkononi, azamishe kichwa cha shawa ndani ya ndoo ya maji kwanza. Kama ni ya ukutani, akifungue kichwa cha shawa akiweke kando, kisha afungulie taratibu. Akimaliza aandike daftarini tarehe na namba ya chumba.

Vichwa vya shawa visafishwe kila miezi mitatu. Maji ya visima vya pwani yana chokaa, na siki huitoa vizuri. Ila suuza siki yote kabla ya kutia dawa ya klorini; vikikutana hutoa gesi ya sumu.

Na AC ya chumbani?

Ile ya kawaida ya ukutani si mshukiwa mkuu. Angalia minara ya kupoozea ya majengo makubwa, inayotumia maji.

Mgeni atajuaje kaugua?

Homa, kikohozi, maumivu ya misuli, wengine huhara au kuchanganyikiwa, kwa kawaida siku 2 hadi 10 baadaye, wakati mwingine zaidi. Wavuta sigara, wenye umri wa zaidi ya miaka 50 na wenye kinga dhaifu wako hatarini zaidi. Amwambie daktari kuwa alilala hotelini, maana amoksilini haimwezi bakteria huyu. Dawa kama azithromaisini humweza. Kwa siku hizo mgeni huwa yuko kwao Milano au Nairobi, na hoteli haina habari.