Imeenda ama haijaenda? Dhana potofu kuhusu usanifu wa apu za benki

Nimekuwa msanifu wa tajriba ya mtumiaji katika timu za apu za benki hapa Nairobi kwa miaka kadhaa, kwanza Upper Hill, sasa Westlands. Jina la kazi yenyewe huwafanya watu wanikodolee macho, kwa hivyo siku hizi nasema tu kwamba nalipwa ili mtu aliyeshika simu asilazimike kuuliza, "Sasa hii imeenda ama haijaenda?" Timu zote nilizopitia hufuata mtindo wa ajaili (kutoka Kiingereza agile, yaani -epesi): kazi kubwa inakatwa vipande, kila kipande kinajengwa ndani ya sprinti ya wiki mbili, kinaonyeshwa kwenye demo, kinarekebishwa. Sina ugomvi na mtindo huo. Ugomvi wangu ni na mambo ambayo husemwa kwa jina lake mikutanoni.

Dhana: Ajaili ni kwenda mbio, usanifu utatukuta mbele

Waraka wa ajaili uliandikwa Februari 2001 na watu 17 waliokutana Snowbird, jimbo la Utah, Marekani. Nimeusoma mara nyingi nikitafuta palipoandikwa kwamba mtumiaji asiulizwe kwa kuwa muda hautoshi. Sijapaona. Nilichokiona ni kushirikiana na mteja, kuyapokea mabadiliko hata kazi ikiwa imefika mbali, na kanuni moja kati ya zile 12 inayosema kuwa kuzingatia usanifu mzuri wakati wote huongeza wepesi. Wepesi, si haraka. Mwendeshaji boda anayepenya msongamano wa Waiyaki Way saa kumi na moja jioni ana wepesi. Lori lililokatika breki pale pale lina haraka.

Msanifu akipewa stori, yaani kipande kimoja cha kazi, Jumatatu asubuhi na wasanidi wakaanza kuandika msimbo Jumatatu hiyo hiyo mchana, atachora alichochora mwaka jana. Hana la kufanya. Mwaka 2007 Desirée Sy, mtaalamu wa usanifu wa programu, alieleza njia waliyotumia kazini kwake: usanifu unatangulia ujenzi kwa sprinti moja, na majaribio na watumiaji yanafanyika papo hapo ujenzi ukiendelea. Sisi tunafanya karibu hivyo. Wenzangu wakijenga ukurasa wa kulipa bili, mimi niko sokoni na michoro ya ukurasa wa mkopo. Tahadhari ni kwamba msanifu akitangulia mno huanza kuishi peke yake, na michoro yake inawafikia wasanidi kama barua ya chifu, haijadiliwi.

Dhana: Msanifu ni wa rangi na aikoni

Wiki yangu ya kwanza kazini meneja mmoja alinikaribisha akisema, "Karibu, wewe ndiye wa kutupendezesha." Sikukasirika. Ndivyo wengi wanavyofikiri, na wasanifu wenyewe tumechangia kwa kupenda kuonyeshana kurasa zinazong'aa.

Tuchukue ukurasa mmoja tu, wa kutuma pesa. Kwenye michoro ya timu nyingi utakuta miisho miwili: alama ya kijani ya kufaulu na alama nyekundu ya kushindwa. Nje huku kuna mwisho wa tatu. Mtu yuko ndani ya matatu, anabonyeza Tuma, gari linaingia mahali mtandao unapokatika. Ombi limeshafika benki lakini jibu haliwezi kurudi. Pesa imetoka, simu haijui. Apu nayo, kwa kuwa ilifundishwa miisho miwili tu, ikingoja ikachoka inaandika: "Imeshindikana. Jaribu tena." Mtu anatii, anajaribu tena, na pesa inatoka mara ya pili.

Yalinipata mimi mwenyewe, karo ya mtoto, kwa apu ya benki ambayo sitaitaja. Nilitumia asubuhi mbili kwenye foleni nikieleza kwamba sikukusudia kumlipia mtoto mmoja mara mbili. Aliyeandika "Jaribu tena" hakuwa na nia mbaya. Hakuna aliyemwambia kwamba kushindwa na kutojua ni vitu viwili.

Tiba yake ina upande wa ndani na wa nje. Kwa ndani, simu huupa muamala nambari yake ya pekee kabla haujaondoka, ili ombi lile lile likifika mara mbili seva ilitambue na isilitekeleze tena. Hiyo ni kazi ya wasanidi. Kwa nje ni maneno: "Tunangoja jibu la benki. Usitume tena. Utapata SMS." Muamala huo ubaki ukionekana juu ya ukurasa wa mwanzo mpaka jibu lipatikane, na mtu akianza upya kutuma kiasi kile kile kwa mtu yule yule, apu imuulize kwanza, kwa sababu hapo simu itatoa nambari mpya na ule ulinzi wa ndani hautamsaidia. Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu, aliweka sekunde 10 kuwa mpaka ambao mtu akiupita bila dalili yoyote huacha kuzingatia alichokuwa akifanya na kutafuta jingine la kufanya. Kwenye pesa, hilo jingine ni kubonyeza tena.

Haya hayaonekani kwenye mchoro wowote wa kupendeza. Ndiyo maana kwetu tumeyaweka kwenye vigezo vya kukamilika: stori yoyote inayogusa pesa haihesabiwi kuwa imekwisha mpaka ionyeshwe kwenye demo mtu akizima data katikati ya muamala, mbele ya kila mtu. Mara ya kwanza tulipojaribu, chumba kilinyamaza sana.

Dhana: Hata sisi ni wateja, tunajua wanachotaka

Ofisini tuna Wi-Fi ya kasi, simu mpya, na mishahara inayoingia tarehe moja. Tukijipima sisi kwa sisi, kila kitu kinafanya kazi.

Historia ya hapa hapa Kenya ingetosha kuwakumbusha watu. Jaribio la M-Pesa lilianza mwaka 2005, Vodafone na Safaricom wakishirikiana na shirika la mikopo midogo la Faulu, na lengo lilikuwa watu walipe mikopo yao kwa simu. Waliopewa simu hizo wakaanza kuzitumia kwa yao, ikiwemo kutumiana pesa. Waliokuwa wakiendesha jaribio hawakuwakemea kwamba wanatumia vibaya. Waliangalia, na huduma ilipozinduliwa Machi 2007 ikatangazwa kuwa njia ya kutuma pesa nyumbani. Hapakuwa na sprinti wala ubao wa kadi za kazi, lakini sijui mfano bora wa ajaili kuliko huo.

Mwaka jana nilikaa na mama mmoja anayeuza mboga soko la Kangemi. Nilikuwa na toleo la majaribio la ukurasa wa kuingia kwa alama ya kidole, kitu ambacho ofisini kilipigiwa makofi. Mama alikuwa akikata sukuma wiki. Akapangusa kidole kwenye leso, akakiweka, simu ikakataa. Akakipangusa tena, ikakataa. Jaribio la tatu, simu ikamfungia.

"Kijana wangu," akaniambia bila kuacha kukata, "kidole hiki kimeliwa na kisu tangu nizaliwe. Hakina alama."

Kioo cha simu yake kilikuwa na ufa kuanzia kona ya chini kulia, mahali hasa ambapo tulikuwa tumeweka kitufe cha Endelea. Alikuwa amezoea kukibonyeza kwa ukucha.

Siku hiyo nilijifunza jingine. Nilikuwa nimempa akaunti ya majaribio yenye shilingi 500,000 za bandia, akawa anabonyeza upesi upesi, hasomi kitu, anacheka. Kisha nikamtumia shilingi 50 za kweli nikamwomba azipeleke kwa dadake. Mkono ukatulia. Alisoma kila neno, akanipa simu nimsomee neno moja, akarudi nyuma kuhakikisha nambari. Tangu hapo sijaamini jaribio la pesa za bandia, na sijaruhusu wenzangu warekodi skrini ya mtu akiwa ndani ya akaunti yake halisi pasi na ridhaa yake. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ipo, lakini hata isingekuwepo, salio la mtu ni siri yake.

Kuna anayesema mtu mmoja sokoni si utafiti. Ni kweli, mmoja hatoshi. Lakini pia huhitaji mia. Hesabu maarufu ya Nielsen na Thomas Landauer, iliyotolewa mwaka 1993, ilionyesha kwamba kwa wastani mtu mmoja hufichua karibu asilimia 31 ya matatizo ya ukurasa, na ukifika watu 5 umeyaona kama asilimia 85. Hiyo ni kwa kundi moja la watumiaji wanaofanana. Mama mboga na mhasibu wa Upper Hill si kundi moja, kwa hivyo kila upande unahitaji watu wake kadhaa. Hao wote unawapata ndani ya sprinti moja ukiwa na nauli ya matatu na soda za kuwanunulia.

Dhana: Hatua chache ndiyo bora

Kwa kuangalia salio, ndiyo. Kwa kutuma pesa, hapana. M-Pesa walipoleta Hakikisha, ile inayokuonyesha jina la mpokeaji kabla pesa haijaondoka, hawakupunguza kitu, waliongeza. Anayejua adha ya kukosea tarakimu moja kisha kutuma ujumbe kwa 456 akiomba pesa irudi, huku aliyeipokea ameshazima simu, hawezi kuilalamikia hatua hiyo. Tulipoipunguza kwetu hatua ya kuthibitisha ili chati ya kasi ipande, chati ilipanda, na simu za malalamiko nazo zikapanda. Tukairudisha sprinti iliyofuata.

Dhana: Kiswahili kitawekwa mwishoni

Hii huniudhi kuliko zote, labda kwa sababu mwishoni huwa hakuna mwisho. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakifanya Kiswahili lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini kwenye bakilogi, orodha ya kazi zinazongoja zamu, utakikuta ni kadi moja imeandikwa "tafsiri", chini kabisa.

Kadi ikifika zamu yake, faili la maneno 600 linapelekwa kwa mtu ambaye hajaona ukurasa hata mmoja. Anarudisha Kiswahili fasaha kisichotumika mahali popote. Kitufe kinaandikwa "Wasilisha", na mzee mmoja wa Githurai akaniuliza kwa adabu zote, "Niwasilishe wapi, niende na kitambulisho?" Stetimenti ikawa "taarifa", akadhani ni habari. "Ghairi" ni neno zuri, lakini kati ya watu sita niliowaonyesha, wanne hawakulibonyeza kwa kuogopa lingewakata pesa. Tukaweka "Rudi, usitume." Ni refu, halijalala vizuri kwenye kitufe, na kila mtu analielewa.

Hapo ndipo utaona kwa nini lugha haingoji mwisho. Maneno ya Kiswahili mara nyingi huwa marefu kuliko ya Kiingereza, na kitufe kilichopimwa kwa neno fupi la Kiingereza kitakata la Kiswahili katikati. Ukiandika kwa Kiswahili tangu mchoro wa kwanza, ukurasa wenyewe unapangika tofauti.

Dhana: Maandishi hafifu ya kijivu yanapendeza

Yanapendeza ndani ya ofisi yenye mapazia. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti unataka tofauti ya mwangaza ya angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake. Watu hudhani ni kwa ajili ya wenye uoni hafifu pekee. Toka saa saba mchana usimame jua kali stendi ya Kencom na simu yako, mwangaza umeupunguza kuokoa chaji, kisha niambie nani ana uoni hafifu.

Dhana: Usalama hauhusu msanifu

Kwa idara ya usalama, nambari ya siri ya mara moja inayotumwa kwa SMS ni mstari mmoja kwenye orodha. Kwa mwenye simu ndogo ni safari. Anajaza fomu ya mkopo, anafika mahali pa kuingiza nambari, anatoka kwenye apu kwenda kusoma ujumbe. Simu yenye kumbukumbu ndogo huifunga apu iliyo nyuma ili ipate nafasi. Anarudi, fomu imefutika, nambari imeshaisha muda wake. Anaanza upya. Akichoka anampa kijana wa duka la simu amjazie, pamoja na PIN yake. Hapo usalama wote umekwenda.

Kutibu si kugumu: hifadhi alipofika, bila kuhifadhi siri yoyote, ili akirudi akute fomu yake na sehemu ya kuingiza nambari, na muda wa nambari uhesabiwe kwa mwendo wa simu hizo badala ya simu zetu. Mtu wa usalama na mimi tulikubaliana ndani ya nusu saa tulipokaa na simu yenyewe mkononi. Tulikuwa tumebishana kwa barua pepe miezi miwili.

Kadi ya tiba hiyo imekaa ubaoni sprinti nne sasa. Mwenye bidhaa, yule anayeamua kipi kijengwe kwanza, anasema kwenye simu yake haijawahi kutokea. Jumatatu tuna kikao cha kupanga sprinti, na Ijumaa nilipita Luthuli nikanunua simu ya aina ile ile. Nimeijaza picha na video mpaka imelalamika haina nafasi, na mwenye bidhaa ndiye atakayejaza fomu.