Mtahini anakijua kisa: dhana potofu kuhusu insha ya tamthilia

Nimesahihisha insha za tamthilia vya kutosha kujua kwamba anayepata alama chache mara nyingi si yule ambaye hakusoma. Kasoma, tena kasoma sana, ila kuna mtu alimwambia jambo lisilo kweli kuhusu uchambuzi, naye akalishika. Mifano mingi nitaitoa kwenye Julius Caesar ya Shakespeare, ambayo Julius Nyerere aliitafsiri na toleo la 1969 likaitwa Juliasi Kaizari. Wengi wanaifahamu, na kifo cha Caesar si siri ambayo nitakuharibia: Brutus na wenzake wanamuua Caesar, mtawala wa Roma, kisha Brutus na Antony, rafiki wa Caesar, wanahutubia umati mmoja baada ya mwingine.

Dhana: Ukisimulia kisa chote, mtahini ataona umesoma kitabu

Mtahini anakijua kisa. Swali halikuuliza nini kilitokea; liliuliza, tuseme, jinsi mwandishi anavyoonyesha nguvu ya maneno. Soma sentensi hizi mbili.

"Antony alisimama akawaambia watu kwamba Brutus ni mtu wa heshima, watu wakakasirika wakaanza fujo."

"Antony anarudia kwamba Brutus ni mtu wa heshima, lakini kila mara anatanguliza jambo jema alilolifanya Caesar, hadi sifa ileile inageuka kuwa tusi bila yeye kubadilisha neno hata moja."

Tukio ni lilelile. Sentensi ya kwanza ingeweza kuandikwa na mtu aliyehadithiwa kisa njiani. Ya pili haiandikiki mpaka ufungue kitabu na kuangalia hotuba imepangwaje.

Kiswahili chenyewe kinakupa kengele ya bure hapa: kiambishi -ka-. Aya ikijaa akaenda, akasema, wakamuua, ujue umeshaanza kusimulia. Uchambuzi hukaa zaidi kwenye -na-: Antony anashuka, umati unabadilika, mwandishi anachelewesha. Tamthilia hutokea upya kila inapochezwa, kwa hiyo wakati wake ni sasa. Ukirekebisha nyakati tu, utashangaa ni sentensi ngapi zitabaki hazina kazi.

Dhana: Maelekezo ya jukwaani ni ya waigizaji, wewe chambua mazungumzo

Hii ndiyo inayoniumiza zaidi, kwa sababu inaifanya tamthilia iwe riwaya iliyokosa maelezo. Tamthilia imeandikwa ionekane. Nani yuko jukwaani, nani kaondoka, nani kanyamaza, nani kasimama juu na nani chini: yote hayo ni maamuzi ya mwandishi, na yote ni ushahidi halali kwenye insha yako.

Shakespeare hana maelekezo mengi ya mabano, lakini mengine kayaficha ndani ya maneno ya wahusika. Antony anaanza hotuba akiwa juu jukwaani, pale alipokuwa amesimama Brutus. Katikati anawaomba watu ruhusa ashuke, nao wanamwambia ashuke. Anawataka wauzunguke mwili wa Caesar, anashika joho lililotobolewa na visu, anaonyesha tundu moja baada ya jingine, ndipo anafunua maiti. Brutus alizungumza kutoka juu, akamaliza, akaenda zake. Antony anaingia ndani ya duara la watu, na anawafanya wajione kuwa wao ndio waliomwita. Mwanafunzi aliyeliona hilo ana aya nzima kabla hajataja tamathali ya usemi hata moja.

Jizoeze kujiuliza: ningekuwa nimekaa ukumbini, macho yangu yangekuwa wapi sasa hivi?

Dhana: Fani ni aya ya mwisho, baada ya kumaliza maudhui

Mazoea haya yametokana na kukariri orodha: maudhui, yaani kinachosemwa (dhamira, migogoro, ujumbe), halafu fani, yaani namna kinavyosemwa (muundo, mtindo, matumizi ya lugha). Orodha inasaidia wakati wa kusoma. Kwenye insha inakata kitu kimoja vipande viwili. Brutus anahutubia kwa nathari, lugha ya mjazo isiyo ya kishairi. Antony anahutubia kwa ushairi. Hiyo ni fani au maudhui? Brutus anaamini hoja iliyopangwa vizuri inatosha, na lugha yake inaonyesha imani hiyo. Antony anajua watu wanahitaji kuguswa, na mapigo ya lugha yake yanafanya kazi hiyo. Huwezi kueleza dhamira bila fani, kwa hiyo viache vikae kwenye aya moja.

Kwa sababu hiyohiyo, "mwandishi ametumia takriri", yaani kurudiarudia maneno, si uchambuzi. Ni jina tu. Sema takriri hiyo inamfanya nini anayesikiliza.

Dhana: Dondoo ndefu na nyingi huongeza alama

Maneno manne yaliyochaguliwa vizuri na kuingizwa ndani ya sentensi yako yanashinda mistari kumi iliyobandikwa katikati ya ukurasa. Baada ya Brutus kueleza kwamba amemuua Caesar ili Roma iwe huru, mmoja katika umati anashangilia kwamba Brutus naye awe Caesar. Kauli hiyo fupi inaonyesha hotuba yote imesikilizwa bila kueleweka: wanataka kumpa muuaji cheo kilekile alichoua ili kisiwepo. Dondoo fupi, maelezo marefu. Ukiona kinyume kwenye karatasi yako, punguza.

Dhana: Lugha rasmi maana yake ni maneno magumu

Hapana. Rasmi ni sahihi, kamili, isiyo na porojo. Neno usilolitumia vizuri mtahini analiona kabla hajamaliza sentensi. Kuhusu "mimi naona", walimu wanatofautiana. Muulize wako kabla ya mtihani, si baada.

Dhana: Mhusika wa kihistoria anachambuliwa kwa vitabu vya historia

Ebrahim Hussein alichapisha Kinjeketile mwaka 1969, tamthilia iliyojengwa juu ya vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni zao la ubunifu, si yule wa historia. Bado nakutana na insha zinazotumia kurasa mbili kueleza utawala wa Wajerumani, na mistari mitano kueleza kwa nini mhusika huyu, mwishoni, anakataa kutamka kwamba maji aliyowapa watu yawakinge na risasi yalikuwa uongo. Alama zote zilikuwa kwenye ile mistari mitano. Muktadha wa historia una nafasi yake pale tu unapofafanua uamuzi uliopo kwenye matini. Zaidi ya hapo umehamia somo jingine.

Dhana: Mwalimu ana jibu lake, kazi yako ni kulibahatisha

Wapo wanaomtetea Brutus na wapo wanaomlaumu, na wote wanaweza kupata alama za juu. Hii haina maana kwamba kila wazo linasimama. Ukisema Brutus alimuua Caesar kwa wivu, utapata tabu: hata Antony, adui yake, anakiri mwishoni kwamba wale wengine walisukumwa na wivu isipokuwa huyo. Hoja yako inapimwa kwa matini, si kwa sura ya mwalimu. Na ushahidi unaoipinga usiukwepe. Utaje, uupime, kisha uonyeshe kwa nini bado unashikilia msimamo wako. Aya ya namna hiyo ni adimu sana kwenye lundo la karatasi, na msahihishaji akiikuta anaamka.

Dhana: Utangulizi ni wasifu wa mwandishi

Mwaka wa kuzaliwa wa Shakespeare haujibu swali. Sentensi tatu zinatosha: tamthilia gani, msimamo wako ni upi, utaujenga kupitia nini. Ukiweza, uandike mwisho, ukishajua umesema nini.

Dhana: Hitimisho ni kurudia yote kwa maneno mengine

Aliyesoma insha yako dakika mbili zilizopita bado anaikumbuka. Mpeleke hatua moja mbele. Kwa swali letu la nguvu ya maneno, angalia kinachofuata mara tu baada ya hotuba ya Antony: umati unakutana na Cinna, mshairi, ambaye jina lake linafanana na la mmoja wa wauaji. Anawaambia yeye ni Cinna mshairi. Mmoja anajibu kwamba basi araruliwe kwa mashairi yake mabaya.