Ukitaka kitambaa bapa, nunua bati

Wiki hii imekuwa mara ya tatu. Mwenye mkahawa mmoja kule Kilimani, Nairobi, ninayemchorea paa la kitambaa, amenitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne, na ukiukamua wote unabaki hivi: "Injinia, kivuli nimekipenda, ila hizo kona zinazopanda na kushuka ni urembo tu. Ninyooshee kiwe bapa, halafu unipunguzie bei. Si ni tenti tu?"

Si tenti. Na hizo kona si urembo. Ukiziondoa umeondoa paa lenyewe, umebaki na nguo.

Chukua leso hapo nyumbani. Wewe shika pembe mbili, mwenzako ashike mbili, mvute hadi iwe bapa. Mwite mtoto aweke chungwa katikati. Itabonyea. Vuteni zaidi: itabonyea kidogo, lakini vidole vitawauma. Vuteni mpaka leso ilie, hamtafika mahali ikalibeba lile chungwa bila kubonyea kabisa. Uzi ulionyooka unavuta kando tu, na chungwa linataka wa kulivuta juu. Ni lazima uzi uiname ndipo upate pa kushikia.

Sasa weka tarakimu. Utepe wa kitambaa wenye upana wa mita 1, umbali wa mita 8 kutoka nguzo hadi nguzo, mzigo wa kilo 40 hivi kwa kila mita mraba. Ukiuruhusu kuinama sentimita 80, mvuto ndani yake ni kama kilonyutoni 4, yaani kama uzito wa kilo 400. Ukitaka uiname sentimita 10 tu ili mteja aone "umenyooka", mvuto unapanda hadi 32. Mara nane. Kitambaa cha poliesta kilichopakwa plastiki ya PVC, kile chepesi cha kazi hizi, hukatika kwenye kilonyutoni 60 hivi kwa mita kikiwa kipya. Mimi sikipakii zaidi ya moja ya tano ya hapo, kwa sababu kuna maungio, kuna jua, kuna uzee, na kuna fundi aliyekiburuta sakafuni nikiwa nimegeuka. Hiyo ni 12. Ile 4 inaingia na kubakisha nafasi. Ile 32 haiingii.

Halafu huo mvuto haupotei hewani. Unashuka kwenye nguzo, bolti na zege. Bei aliyotaka nimpunguzie kwenye kitambaa inamsubiri chini ya ardhi.

Ndiyo maana tunainua kona mbili zinazotazamana na kushusha mbili nyingine. Linatoka umbo la tandiko la punda. Nyuzi za upande mmoja zinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Za upande wa pili zimepinda kinyume, kama upinde. Mvua ikisukuma chini, zile zinazoning'inia zinabeba. Upepo ukiingia chini na kutaka kuondoka na kitambaa, zile za upinde zinakirudisha. Na kabla ya mvua wala upepo, pande zote mbili tayari zinavutana, kwa hiyo hakuna inayolegea. Mjerumani Frei Otto alilitafuta umbo hili kwa utando wa sabuni: unachovya fremu ya waya kwenye maji ya sabuni, na utando wenyewe unajipangia uso wenye eneo dogo kabisa. Mimi nina fremu ya waya mezani na soksi ndefu ya kike ya mtumba kutoka soko la Gikomba iliyovutwa juu yake. Programu ya kompyuta inafanya kazi ileile kwa usahihi zaidi, lakini hakuna mteja aliyewahi kuelewa programu. Soksi wanaielewa wote.

Sasa hapa ndipo ninapochemka. Kuna kundi la pili, na wengine wana digrii, wanaokubali mkunjo, yaani huko kupinda kwa kitambaa, halafu wanauchora wa aibu: tofauti ya kimo ya sentimita 30 kwenye mita 8, kisha wanasema "tutakaza zaidi." Kukaza si badala ya mkunjo. Nimewaonyesha hapo juu kukaza kunagharimu nini. Isitoshe, kitambaa hulegea chenyewe miezi ya mwanzo, nyuzi zikijipanga na plastiki ikijivuta polepole. Mkunjo ukiwa wa kutosha, unarudi na spana, unakaza tena, mambo yanaendelea. Ukiwa haba, kulegea kidogo tu kunafungua shimo, na mvua ya Aprili hailazi shimo njaa.

Najua kwa sababu nililifanya mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita mteja aliniomba nishushe kona moja ya juu, ilikuwa inaficha bango lake. Nilipima kwa jicho, nikaona aah, itapita. Mvua ya mawe ilipopiga, barafu ilikaa upande uliolala na kuziba njia ya maji. Maji yakabonyeza, bonyo likaita maji zaidi. Dimbwi la upana wa mita 3 lenye kina cha sentimita 30 katikati lina maji ya tani moja, na hili halikuwa dogo. Nilipofika asubuhi kitambaa kilikuwa kinaning'inia kama tumbo la ng'ombe mwenye mimba, na askari wa usiku yuko chini yake akilisukuma kwa mpini wa fagio. Chini yake! Nilimvuta kwa mkono kwanza, salamu baadaye. Hakuumia mtu. Kitambaa hakikurudi umbo lake tena, na nilikilipia mimi.

Imani hii ya kitambaa bapa inatoka wapi? Nadhani inatoka kwenye maegesho. Zile neti za kivuli zilizotandazwa juu ya magari kote mjini zinapitisha maji na sehemu ya upepo, ndiyo zinasamehe ubapa. Ukipaka plastiki, msamaha umekwisha. Na tenti ya harusi ina mabomba yanayobeba. Nguo imefunika tu, na jioni inarudi kwenye lori.

Msingi niseme haraka. "Kitambaa ni chepesi, msingi wa nini?" Mita mraba 100 za kitambaa zina uzito wa kilo 90 hivi, kweli. Upepo wa mita 28 kwa sekunde, kwa hewa yetu nyepesi ya Nairobi, unaweza kuinyanyua kwa tani 4. Zege la kusawazisha hapo tu ni mita za ujazo 1.7, kabla hujaongeza usalama wowote. Msingi huu haubebi paa, unalizuia lisiende. Na ukiwa Embakasi kwenye udongo mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, nguzo inacheza, mvuto unabadilika, na unanipigia simu kwamba kitambaa "kimelegea chenyewe."

Mengine tunayafanya gizani kuliko tunavyokiri. Kanuni za upepo zimeandikwa kwa mapaa yenye miteremko inayoeleweka. Tandiko langu halimo, na kazi ya mkahawa haina pesa ya kupeleka modeli kwenye handaki la upepo, kule inakopulizwa na kupimwa. Nachukua umbo linalofanana kiasi, naongeza juu, nalala vibaya mvua ikianza. Kupima mvuto kitambaa kikishapanda, kuna vifaa, lakini wengi wetu tunakipiga kofi na kusikiliza. Naona aibu kuandika hivyo, na kesho nitakipiga kofi tena. Hata kiasi cha kupunguza vipimo kina ubahatishaji: tunakata kitambaa kidogo kuliko umbo lake ili kikivutwa kifike, lakini mtande na mshindio, yaani nyuzi za urefu na za upana, havivutiki sawa, na roli moja si kama nyingine. Fundi wangu wa kwanza aliwahi kunisimamisha Industria, mtaa wa viwanda, futi mkononi: "Injinia, umekosea. Hapa pana mita kumi, kitambaa kimepungua sentimita kumi." Ni asilimia 1, nikamwambia, ndiyo nataka. Alinitazama kama mtu aliyelewa. Tulipokivuta kwa cheni bloku kikafika kwenye pingu bila kubaki hata kidole, akacheka peke yake.

Waliokwenda Hija kwa ndege wamepita chini ya mfano mzuri kuliko wangu wote: jengo la mahujaji la uwanja wa ndege wa Jeddah, la mwaka 1981, lenye mahema 210 ya kitambaa cha nyuzi za kioo, kila moja la mita 45 kwa 45. Tazama picha zake. Kila hema limevutwa juu katikati kama koni. Hakuna lililo bapa, na pale pesa ya kunyooshea haikukosekana.

Nilimtumia mwenye mkahawa picha hiyo. Jana usiku amejibu: je, tuziache kona zote chini halafu tuinue katikati kwa nguzo moja, kama Jeddah? Inawezekana, na mkunjo wake ni mzuri. Nguzo itakaa mahali pa meza namba saba. Ameniambia nisubiri, anaongea na mke wake.